Shahada ya uhusiano wa umma: ina kazi gani kwa kijana anayetaka kubaki Nyanda za Juu Kusini?

Binti wa Mafinga

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Nimemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na nimefaulu masomo yote matatu, Kiswahili kikiwa ndicho kilichonibeba zaidi. Nataka kuomba shahada ya uhusiano wa umma, lakini nyumbani bado hatujaafikiana. Baba yangu ni mfanyabiashara wa mbao hapa Mafinga, na hoja yake ni kwamba kazi ya mwalimu inajulikana, ya muuguzi inajulikana, ila afisa uhusiano yeye humwona kwenye sherehe tu, akiwapanga wageni na kumkabidhi mgeni rasmi kipaza sauti. Ananiuliza ni kitu gani hasa nitakachokuwa nakisoma kwa miaka mitatu, na nikishahitimu nitaajiriwa na nani ikiwa sitaki kwenda kubanana na wahitimu wengine Dar es Salaam. Naona maswali yake ni ya haki, na majibu niliyo nayo hayamtoshi yeye wala hayanitoshi mimi.

Naomba waliosomea fani hii, wanaoifanyia kazi au wanaoajiri watu wake wanieleze inavyofundishwa, inavyotofautiana na uandishi wa habari na masoko, na kama kweli ipo ajira katika mikoa yetu ya Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe. Nitashukuru kupata jibu la kweli hata kama litanikatisha tamaa.

Mkazi wa Soweto, Mbeya

Marahaba mdogo wangu. Mimi nipo kitengo cha mawasiliano katika mamlaka ya maji ya mji mmoja wa nyanda hizi, na nianze na hilo la sherehe kwa sababu mzee wako hakukosea kuona alichokiona. Sherehe ndiyo sehemu ya kazi yetu inayofanyika mbele za watu. Sehemu iliyo kubwa zaidi hufanyika mezani na kwenye simu, na huanza kwa kusoma kabla ya kusema. Asubuhi napitia malalamiko yaliyoingia usiku kwa simu, yaliyoandikwa kwenye kundi la WhatsApp la wenyeviti wa mitaa, na yaliyozungumzwa kwenye vipindi vya redio za hapa kama Baraka FM na Bomba FM. Kisha naingia kwa wahandisi na kwa watu wa ankara kuuliza lipi ni kweli, lipi limeshashughulikiwa, na lipi hakuna aliyekuwa na habari nalo.

Nikupe mfano wa jambo dogo lenye kazi kubwa ndani yake. Pampu ikiungua, tangazo linalonijia kutoka kwa mafundi husema hivi: "Kutakuwa na upungufu wa huduma ya maji katika baadhi ya maeneo kutokana na hitilafu ya kiufundi. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza." Hakuna uongo hapo, lakini mama mwenye mgahawa Mwanjelwa hawezi kulifanyia chochote, kwa sababu hajui kama mtaa wake umo, maji yatakatika saa ngapi, yatarudi lini, na ampigie nani yasiporudi. Hivyo narudi kuuliza mpaka niweze kuandika: "Maji yatakatika kesho Jumatano kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni katika mitaa ya Mwanjelwa, Ilomba na Sae. Tunabadilisha pampu iliyoungua. Zahanati zitapelekewa maji kwa maboza. Ikiwa kazi itachelewa, tutatangaza tena saa 10 jioni." Sentensi ya mwisho ndiyo huleta mabishano marefu kuliko zote, kwa kuwa inaifunga taasisi kuzungumza tena hata kama wakati huo haitakuwa na habari njema. Kumshawishi bosi aikubali sentensi hiyo ndiyo kazi tunayolipwa kwayo, na hilo hulifanyi bila kujua kuandika, kujua mtambo unavyofanya kazi angalau kwa juu juu, na kuaminiwa na wahandisi.

Kuhusu ajira, usitafute cheo kimoja. Serikalini utakutana na Afisa Habari katika halmashauri na ofisi za mikoa, na Afisa Uhusiano katika mashirika, mamlaka za maji, hospitali za rufaa, vyuo vikuu na taasisi kama TANESCO (shirika la umeme) na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa). Nafasi nyingi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kupitia tovuti ya Ajira Portal, na usaili huanza na mtihani wa mchujo wa kuandika kabla ya mahojiano ya ana kwa ana. Hazitoki kila mwezi, na ukishaajiriwa unaweza kupangiwa Katavi au Mtwara, kwa hiyo hilo la kubaki Nyanda za Juu Kusini ulishike kama matumaini, usilishike kama sharti.

Mhadhiri, Iringa

Binti, hongera kwa matokeo. Nafundisha mawasiliano hapa Iringa, na ninaona mwenzangu wa Mbeya ameieleza kazi vizuri kuliko mihtasari yetu mingi. Nitajaza upande wa masomo.

Mwaka wa kwanza hujengwa kwa nadharia za mawasiliano, uandishi, misingi ya saikolojia na sosholojia, na matumizi ya kompyuta. Baadaye huja utafiti wa maoni ya watu, uandishi wa taarifa kwa vyombo vya habari na hotuba, mawasiliano ya ndani ya taasisi, matangazo na masoko, mitandao ya kijamii, mawasiliano wakati wa dharura, pamoja na sheria na maadili. Katikati yake kuna mafunzo kwa vitendo, na mwishoni kuna utafiti wa mwanafunzi mwenyewe. Mwaka 1963 Mmarekani John Marston aliigawa kazi hii katika hatua nne ambazo bado tunazifundisha: kuchunguza, kuchukua hatua, kuwasiliana na kutathmini. Mpangilio wake ndio ninaousisitiza darasani, kwamba kuchukua hatua kunatangulia kusema. Taasisi isiyorekebisha jambo haina cha maana cha kutangaza, na mhitimu asiyelielewa hilo atamaliza maisha yake ya kazi akipamba maneno.

Ama tofauti na fani jirani, mwandishi wa habari humtumikia msomaji na msikilizaji wake, na mtu wa masoko humfuata mnunuzi. Mtu wa uhusiano wa umma hushughulika na kila anayeguswa na maamuzi ya taasisi, akiwamo mfanyakazi, jirani, diwani, msambazaji wa malighafi, mdhibiti wa serikali, hata yule ambaye hatanunua kitu chochote. Zoezi ninalopenda kuwapa wanafunzi ni la Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Juu kuna wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu, katikati kuna wanyama na watalii, chini kuna mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayozalisha umeme, na hapa mjini ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji inayotoa vibali vya kutumia maji. Nawaambia wachague upande mmoja, waorodheshe makundi yote yanayoguswa, waeleze kila kundi linajua nini, linaogopa nini na linapata habari zake wapi, kisha ndipo waniandikie ujumbe. Wengi hukimbilia kuandika ujumbe kwanza, na ujumbe wao hufanana: "Tutunze vyanzo vya maji." Mkulima wa Mbarali, huko Usangu, ameusikia maisha yake yote na haujamwambia afungue banio lini wala alifunge lini.

Sheria nazo si pambo la mtaala. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamtaka mwenye taarifa ateue afisa wa kushughulikia maombi ya wananchi, na ombi linapaswa kujibiwa ndani ya siku 30. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa hata ile picha ya mgonjwa au ya mwanafunzi ambayo zamani tuliibandika ukutani bila kumuuliza mtu.

Kuhusu vyuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya uhusiano wa umma na matangazo, na SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) Mwanza inaichanganya fani hii na masoko, kama ifanyavyo Taasisi ya Uhasibu Tanzania. Kwa hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Iringa kinajulikana kwa uandishi wa habari, ambao ni mlango mzuri wa kuingilia fani hii. Kiwango cha chini cha jumla kwa mwombaji wa kidato cha sita ni ufaulu mkuu katika masomo mawili wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, lakini kila programu huweka masharti yake juu ya hayo. Soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huu wenyewe, usitegemee wa mwaka jana wala maneno ya wakala wa chuo aliyeweka meza stendi.

Mdau wa misitu, Mufindi

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naomba upande wa mwajiri nao usikike. Nasimamia shughuli za kampuni ya kupanda miti, na kwetu uhusiano na vijiji si jambo la hiari. Kiangazi kikiingia, mtu akiandaa shamba lake kwa moto na upepo ukageuka, kazi ya miaka 15 inateketea mchana mmoja. Jirani ndiye mtu wa kwanza kuuona moshi, na kama ana kinyongo na kampuni atautazama tu.

Kwa sababu hiyo tunaye afisa wa mahusiano na jamii, na chombo chake kikuu ni daftari la malalamiko lililopo katika ofisi ya kila kijiji tunachopakana nacho. Lina safu tano: tarehe, jina, lalamiko, aliyelishughulikia, na tarehe ya majibu. Nikifika kijijini hulifungua na kutazama safu ya mwisho. Ikiwa tupu katika kurasa mbili mfululizo, najua mkutano wa kijiji utakuwa mgumu, hata kama afisa ameniletea picha nzuri za kukabidhi madawati.

Sasa niseme kinachoniumiza. Nimewasaili wahitimu wa fani hii waliozijua nadharia zote, lakini nilipowaomba waandike ukurasa mmoja wa barua kwa serikali ya kijiji kuhusu mpaka wenye mgogoro, wakashindwa kupanga hoja, au wakaandika kwa lugha ambayo mtendaji wa kijiji angelazimika kuisoma mara tatu. Kwa ukweli kabisa, nikimpata mhitimu wa misitu au wa maendeleo ya jamii anayejua kuandika na kukaa na watu, nitamchukua huyo. Nafasi yenyewe kwetu ni moja, na makampuni mengi ya chai, mbao na maziwa huku hayazidi nafasi moja au mbili. Binti ayajue haya kabla hajaomba.

Mhadhiri, Iringa

Ndugu yangu wa Mufindi, kuhusu uandishi sina cha kukupinga, na lawama hiyo tunastahili kuibeba sisi walimu kabla ya wanafunzi. Darasa lenye watu wengi mno haliwezi kusahihishiwa insha kila wiki. Ila hilo la kumchukua mhitimu wa misitu sikubaliani nalo moja kwa moja. Mtu wa misitu atajua kueleza mti. Atakapotakiwa kupima kama vijiji vinaiamini kampuni kuliko mwaka uliopita, kuandaa maswali yasiyompa mwanakijiji jibu mdomoni, na kukwambia wewe bosi wake jambo usilopenda kusikia huku akiwa na ushahidi, hapo ndipo somo la utafiti linapoonekana. Afisa anayekuletea picha za madawati wakati safu ya mwisho ni tupu amekosa hasa somo hilo.

Binti wa Mafinga

Nawashukuru sana. Nimemsomea baba jibu la mdau wa Mufindi, na ndilo lililomfanya aketi, kwa kuwa mambo ya moto na mipaka anayajua. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, je, ni busara nisome uandishi wa habari Iringa, karibu na nyumbani, ili kupunguza gharama, kisha nihamie kwenye uhusiano wa umma kazini? La pili ndilo linalonisumbua zaidi: taasisi ikiwa imekosea, je, nitalazimika kuitetea kwa uongo? Baba anasema mtu hawezi kula mshahara wa mwenye nyumba kisha akatangaza kwamba paa linavuja.

Mkazi wa Soweto, Mbeya

La pili nitalijibu mimi. Utashinikizwa, mdogo wangu, tena si mara moja, na anayekuambia vinginevyo hajaikalia meza hii. Mara nyingi shinikizo halitakuja kama amri ya kusema uongo. Litakuja kama ombi la kunyamaza mpaka Jumatatu, au la kusema "baadhi ya maeneo" wakati unajua ni mji mzima. Unachoweza kufanya ni kumwonyesha mkubwa wako gharama yake. Mwaka 1982 watu saba walifariki eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vya Tylenol ambavyo mtu alivitia sumu ya sianidi. Kampuni ya Johnson & Johnson haikuwa imevitia sumu hiyo, na ingeweza kusimama kwenye hoja hiyo tu. Badala yake iliwatahadharisha watu, ikaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31 nchi nzima, na baadaye ikavirudisha vidonge sokoni katika chupa zenye lakiri inayoonyesha kama zimefunguliwa. Wanafunzi husoma kisa hicho kama ushindi wa maneno mazuri, nami nakisoma tofauti: wateja walirudi kwa sababu chupa ziliondolewa kweli na vifungashio vilibadilishwa kweli.

Kuhusu paa la baba yako, afisa uhusiano mzuri humwambia mwenye nyumba kwanza, mapema, kabla wapangaji hawajalowa. Ukiona husikilizwi hata kwa mambo yanayohusu afya na usalama wa watu, tafuta kazi nyingine ungali na jina lako.

Mratibu wa mawasiliano, Njombe

Mdogo wangu, nimefuatilia mazungumzo yote na naona kuna mlango mmoja haujatajwa, nao ni miradi ya afya na lishe. Mimi nilisoma uandishi wa habari Iringa, nikafanya kazi redioni, kisha nikaingia kwenye mawasiliano ya mradi, kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu kwa ndiyo, mradi uchague masomo ya hiari ya uhusiano wa umma, utafiti na takwimu pale yanapotolewa. Redio itakufundisha kuandika haraka na kusikia sauti ya mtu wa kawaida. Haitakufundisha kupanga kampeni ya mwaka mzima wala bajeti yake, na hayo utalazimika kuyatafuta.

Nikueleze kwa nini kazi hii ina uzito huku kwetu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, na Njombe ni asilimia 50, wakati wastani wa taifa ni 30. Hii ni mikoa ya mahindi, viazi, maharage, maziwa na parachichi. Takwimu hizo zikitua kijijini kama zilivyo, mama anasikia jambo moja tu, kwamba ameshindwa kulea, na mkutano unaofuata haji. Tulipowauliza wanawake wenyewe, walitueleza siku yao ya msimu wa kilimo: kutoka alfajiri, kurudi jioni, mtoto akiwa ameachwa kwa bibi au kwa dada yake mdogo na uji mwepesi wa mahindi. Basi tukawalenga baba na bibi pia. Kipindi cha redio tukakisogeza hadi usiku baada ya chakula, wakati redio iko katikati ya watu wote wa nyumba, na mada ikawa nani anabaki na mtoto na anambakishia nini, badala ya kurudia orodha ya makundi ya vyakula. Katika vijiji ambako wazee wanastarehe zaidi kwa Kibena, tulimtumia mtangazaji anayekijua. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji Dar es Salaam. Yanahitaji mtu anayejua msimu wa kilimo wa Wanging'ombe unaanza lini.

Ubaya wa miradi ni kwamba mikataba yake ni ya muda, na fedha za mfadhili zikiisha unaweza kubaki nyumbani ghafla. Ndiyo maana wengi wetu huku tukiendelea na mradi tunaomba pia nafasi za serikali.

Usisubiri chuo kianze. Hapo Mafinga mwombe baba akukutanishe na wenzake wa mbao; waulize ni tangazo gani la serikali au la wanunuzi wamelipokea bila kulielewa, kisha uliandike upya kwa ukurasa mmoja na uwape walisome mbele yako. Weka nakala ya lile la kwanza na la kwako pamoja. Ukifika wakati wa mafunzo kwa vitendo, mwandikie yule mdau wa Mufindi na umwombe uanze na madaftari ya vijiji. Ukirudi na ripoti ya malalamiko yanayojirudia na yaliyojibiwa kwa wakati, utakuwa na kitu cha kuweka mezani kwenye usaili wowote. Na maombi ya mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu) usiyaache hadi siku za mwisho, kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), na uhakiki huo nao huchukua muda.